Barua ya wazi kwa mabalozi wetu wa The Hague: tani zimekwisha, watu bado wanakohoa

Kwa: Waheshimiwa Mabalozi na Wawakilishi wa Kudumu wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo katika Shirika la Kuzuia Silaha za Kemikali (OPCW), The Hague, Uholanzi

Nakala: Mawaziri wa Mambo ya Nje na Mawaziri wa Afya wa nchi hizo

YAH: MZIGO WA USHAHIDI KWA WAATHIRIKA WA GESI YA HARADALI

Waheshimiwa,

Tarehe 7 Julai 2023, katika ghala la Blue Grass huko Kentucky, Marekani iliteketeza silaha ya mwisho kati ya zile zilizotangazwa na nchi wanachama wa Mkataba wa Silaha za Kemikali. OPCW likafunga daftari: tani 72,304, zote zimeharibiwa mbele ya wakaguzi. Pongezi zilitolewa, na zilistahili. Kazi ile ilichukua miaka 26 tangu Mkataba uanze kufanya kazi mwaka 1997.

Ila daftari lile linahesabu sumu iliyokuwa ghalani. Sumu iliyokwisha kumwagwa juu ya watu haimo, kwa sababu siku Mkataba ulipoanza ilishatoka ghalani zamani. Iko kwenye mapafu ya watu wa Sardasht nchini Iran na kwenye macho ya watu wa Halabja nchini Iraki. Hao hawana safu yao katika hesabu za The Hague. Wana mfuko wa hiari ulioanzishwa mwaka 2011, ambao nchi huuchangia ikipenda, na wana siku ya kumbukumbu kila tarehe 30 Novemba.

Tunawaandikia ninyi, na si mabalozi wa nchi tajiri, kwa sababu mnapiga kura sawa na wao. Nchi wanachama ni 193, na kila moja ina kura moja. Halmashauri Tendaji ina viti 41, na 9 kati ya hivyo ni vya Afrika. Tena bara hili lina kesi yake ya haradali, ambayo tutaifikia.

Jina lenyewe la "gesi ya haradali" linapotosha, na upotofu huo umeua watu. Si gesi, wala haina uhusiano na mmea wa haradali. Ni kimiminika kama mafuta, cha manjano hadi kahawia, chenye harufu inayokaribia kitunguu saumu. Kwenye baridi hukaa ardhini siku nyingi kikisubiri mguu wa mtu. Kwenye joto hugeuka mvuke, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hushuka mashimoni, mahandakini na kwenye vyumba vya chini ya nyumba. Mtu aliyezoea mabomu ya kawaida hukimbilia handaki, na handaki ndiko mvuke unakojikusanya.

Jambo la pili ni kwamba anayeguswa hahisi chochote. Haradali hupenya nguo na ngozi na kushikamana na chembe za mwili ndani ya dakika chache, lakini maumivu huanza baada ya saa 2 hadi 24. Macho huwasha kwanza, kisha ngozi hubadilika rangi, kisha malengelenge hutokea kwapani, kinenani, popote penye jasho. Maji yaliyomo ndani ya lengelenge hayana sumu tena. Nguo ndizo zenye sumu. Muuguzi akimpokea mgonjwa mwenye nguo zake mwilini, katika chumba kisicho na hewa, jioni muuguzi naye ni mgonjwa. Dawa ya kuiondoa mwilini haipo hadi leo. Kilichopo ni kuvua nguo, kuosha kwa maji mengi mapema iwezekanavyo, na baada ya hapo kutibu kila kidonda kama kilivyo.

Sardasht ni mji wa Wakurdi, kaskazini magharibi ya Iran. Jumapili ya tarehe 28 Juni 1987, alasiri, vita vya Iran na Iraki vikiendelea, ndege za Iraki zilidondosha mabomu ya haradali kwenye sehemu nne zenye watu. Mji ulikuwa na wakazi wapatao 12,000. Zaidi ya 100 walikufa, na maelfu walivuta mvuke ule. Miezi tisa baadaye, tarehe 16 Machi 1988, ikawa zamu ya Halabja: haradali pamoja na sumu za mishipa ya fahamu, na watu wapatao 5,000 wakafa. Katika Iran nzima, waliopata majeraha ya haradali vitani wakabaki hai wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu.

Tuanze na mapafu, maana huko ndiko wengi wanakoumia kwa muda mrefu. Wiki za mwanzo mgonjwa hukohoa vipande vya utando uliokufa kutoka kwenye bomba la hewa. Akivuka hapo anaonekana amepona, anarudi nyumbani, anaoa, analima. Miezi au miaka baadaye ile mirija midogo kabisa ya hewa, isiyozidi upana wa milimita 2, huanza kujaa makovu na kuziba mmoja baada ya mwingine. Madaktari huuita ugonjwa huo bronkiolaitisi obliteransi. Kovu hilo halifutiki.

Sasa tazameni kinachotokea mgonjwa huyu anapokwenda hospitali. Anapelekwa eksirei. Mpiga picha anamwambia: vuta hewa, ibane, usitikisike. Picha inatoka safi. Daktari anaandika kwamba mapafu hayana tatizo, na karatasi hiyo ndiyo inayokwenda mbele ya kamati ya fidia. Mashine haikudanganya, wala daktari hakufanya uzembe. Ugonjwa huu haumzuii mtu kuingiza hewa, unamzuia kuitoa, na picha imepigwa wakati mapafu yamejaa. Kinachotakiwa ni picha za CT (eksirei ya kompyuta) za vipande vyembamba, zipigwe mara mbili: mara ya kwanza hewa ikiwa ndani, mara ya pili baada ya mgonjwa kuitoa yote anayoweza. Katika seti ya pili pafu zima hugeuka kijivu, kwa sababu hewa imetoka. Sehemu zenye mirija iliyoziba hubaki nyeusi, kwa sababu hewa yake imenaswa. Pafu hilo huonekana kama nguo ya viraka, vyeusi na vya kijivu. Mtu akiiona picha hiyo mara moja hahitaji kufundishwa tena.

Hata kipimo cha kupuliza kwenye mashine kinaweza kutoka karibu na kawaida mwanzoni. Mirija midogo ni mingi mno, kwa hiyo lazima mingi izibe kwanza ndipo namba ishuke. Kamati inayodai namba mbaya ya kupuliza pamoja na eksirei mbaya ndipo imtambue mwathirika, imejiwekea utaratibu wa kuwakataa walio katika hatua ambayo msaada ungefaa zaidi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kamati hizi kwa kawaida hukaliwa na watu wanaopumua vizuri.

Kosa lingine la kila siku ni kumtibu mtu huyu kama mwenye pumu. Dalili zinafanana: kukohoa, kifua kupiga filimbi, kuamka usiku. Anapewa vidonge vya steroidi, anapata nafuu kidogo, dozi inaongezwa, na miaka kumi baadaye ana kisukari, mifupa inavunjika kwa kuteleza tu, na mtoto wa jicho umeanza. Steroidi ya kumeza ina nafasi yake kwa siku chache kifua kinapochafuka. Ikigeuzwa chakula cha kila siku, inaleta ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza. Wapo wanaofaidika na dozi ndogo ya antibiotiki ya kundi la makrolaidi kwa miezi kadhaa, lengo likiwa kutuliza uvimbe, na hao wanahitaji kupimwa moyo na masikio mara kwa mara kwa sababu dawa hizo huweza kuvigusa. Wote wanahitaji chanjo ya mafua kila mwaka na chanjo ya nimonia. Mafua yanayomlaza mtu mzima siku tatu yanaweza kumuua mwenye mapafu haya.

Wakifika hatua ya oksijeni, hesabu inakuwa ya umeme. Mashine ndogo ya nyumbani ya kuchuja oksijeni, inayotoa hadi lita 5 kwa dakika, hutumia takriban wati 350, na mgonjwa anatakiwa aivute angalau saa 15 kila siku. Umeme ukikatika lazima kuwe na mtungi wa akiba. Mtungi wa lita 10 uliojazwa kwa shinikizo la bari 150 una lita 1,500 za oksijeni. Kwa lita 2 kwa dakika unakwisha baada ya saa 12 na nusu. Wizara inayogawa mashine bila mitungi, au mitungi bila gari la kuijaza, imegawa usiku mmoja wa uhai. Tunayasema haya kwa urefu kwa sababu maazimio ya kimataifa hutaja "huduma kwa waathirika" kwa maneno matatu, na maneno matatu hayana bajeti.

Macho ni hadithi nyingine, na ya kikatili zaidi. Mtu anaweza kupona macho mwaka 1987, akaishi akisoma na kushona kwa miaka 15, 20, wengine hata zaidi, kisha macho yakaanza kuwasha, kukauka na kuogopa mwanga. Chanzo kiko kwenye pete nyembamba inayozunguka kioo cha jicho, pale weupe unapokutana na sehemu yenye rangi. Hapo ndipo palipo na seli shina zinazokifanya upya kioo hicho. Haradali huziua nyingi na kuzidhoofisha zilizobaki. Zikishachoka, mishipa ya damu hutambaa juu ya kioo, ukungu unafuata, vidonda vinafunguka, na mwishowe mtu haoni.

Tiba ina ngazi zake, na kuruka ngazi ni kupoteza jicho. Kwanza ni machozi ya dawa, na lazima yawe yale ya vichupa vya kutumia mara moja, yasiyo na kihifadhi, kwa sababu mgonjwa huyu anadondosha mara kumi au zaidi kwa siku, na kihifadhi kilichomo kwenye chupa za kawaida huchubua jicho lililokwisha kuchubuka. Halafu hufungwa kitundu kidogo kwenye kona ya kope kinachopeleka machozi puani, kwa kizibo laini cha silikoni au kwa kukichoma, ili machozi machache yaliyopo yabaki jichoni. Vidonda vikikataa kufunga, kope hushonwa kwa sehemu. Baadaye ndiyo upandikizaji, na hapa kosa hurudiwa sana: daktari anabadilisha kioo cha jicho peke yake, kioo kipya kinang'aa kwa miezi, kisha kinaingia ukungu kama cha kwanza. Lazima kuanza na zile seli za pembeni, kutoka kwa ndugu wa damu aliye hai au kutoka kwa maiti, na mgonjwa ameze dawa za kutuliza kinga huku figo na damu yake vikipimwa. Bila hizo seli, kioo kipya hakina wa kukitunza.

Ngozi huwasha, hukauka na kubaki na madoa. Haitamuua mtu, ila kuwashwa usiku kucha kwa miaka 30 kunamnyima usingizi yeye na mwenzake wa kitandani. Na akili: hofu, huzuni, kushtuka kila ndege inapopita. Hayo hayahitaji maelezo marefu, yanahitaji mtu wa kuyatibu.

Kiini cha barua yetu ni hiki, Waheshimiwa. Haradali ikiingia mwilini hushikamana na protini za damu, na maabara nzuri inaweza kuiona. Alama iliyo kwenye chembe nyekundu hudumu kadiri chembe hizo zinavyoishi, yaani siku 120 hivi. Alama iliyo kwenye mkojo hupotea mapema zaidi. Kwa hiyo ushahidi wa maabara unakwisha baada ya takriban miezi 4, na ugonjwa wa macho unaweza kuja baada ya miaka 20. Katikati ya hapo hakuna kipimo cha damu duniani kitakachosema "huyu alivuta haradali". Serikali inayomdai mwathirika kipimo kama hicho inamdai kitu ambacho mwili wake ulikwisha kukitupa.

Kinachobaki ni karatasi: daftari la mapokezi la siku ile, orodha ya wakazi wa mtaa, hati za jeshi. Anazishika nani? Si mgonjwa. Aliyeoshwa kwenye bafu la mji na kurudi nyumbani bila kuandikwa, aliyekimbilia milimani, mama aliyewapeleka watoto hospitali akajisahau yeye mwenyewe, wote hao siku ya kamati wanafika mikono mitupu. Wenye karatasi wako upande wa pili wa meza.

Kuugeuza mzigo huu kunawezekana, na kumeshafanyika. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Marekani iliwajaribia haradali na sumu ya jamii yake wanajeshi wake wapatao 60,000, na takriban 4,000 kati yao waliguswa kwa kiwango kikali, ndani ya vyumba maalumu au porini. Waliapishwa wasiseme. Walipozeeka na kudai matibabu waliambiwa walete kumbukumbu za majaribio ambayo serikali yenyewe ilikuwa imeyafanya siri. Mwaka 2017 ndipo sheria ilipobadilika: madai yaliyokuwa yamekataliwa yafunguliwe upya, na ichukuliwe kwamba mdai aliguswa, isipokuwa serikali ithibitishe vinginevyo. Wengi wa waliobaki walikuwa wamekaribia au kuvuka umri wa miaka 90. Sheria ilikuwa sahihi, ila ilichelewa miaka 70. Uingereza nayo, mwaka 2008, ilikubali kuwalipa pauni milioni 3 wanajeshi wa zamani 360 waliofanyiwa majaribio Porton Down, kituo chake cha utafiti wa silaha za kemikali.

Angalieni walioguswa ni kina nani hapo. Ni raia na askari wa nchi iliyowagusa, wenye bunge lao na mawakili wao. Aliyeguswa na nchi ya kigeni hana pa kugonga. Tarehe 4 Agosti 2003, katika mji wa Qiqihar nchini China, wajenzi walifukua mapipa matano ya haradali yaliyoachwa na jeshi la Japani. Mtu mmoja alikufa na zaidi ya 40 waliumia. Japani ililipa yen milioni 300 kwa serikali ya China, kwa makubaliano kati ya serikali na serikali. Waathirika walipokwenda mahakamani Tokyo kudai haki yao wenyewe, mwaka 2010 walishindwa.

Tuje kwa waliouza. Iraki haikuokota kemikali zake jangwani. Mfanyabiashara Mholanzi, Frans van Anraat, aliiuzia zaidi ya tani 1,000 za malighafi ya haradali, bidhaa yenye matumizi halali kwenye viwanda vya wino na nguo. Mwezi Desemba 2005 mahakama ya The Hague, mji huohuo mnakofanyia vikao, ilimtia hatiani kwa kushiriki uhalifu wa kivita na kumfunga miaka 15. Rufaa iliongeza kifungo. Mwaka 2013 mahakama ya madai iliamuru alipe euro 25,000 kwa kila mmoja wa kundi dogo la waathirika waliomshtaki. Kule Iraki, Ali Hassan al-Majid, jenerali na binamu wa Saddam Hussein, alihukumiwa kwa ajili ya Halabja na kunyongwa Januari 2010. Mfanyabiashara mmoja na jenerali mmoja. Mabohari ya Saddam Hussein hayakujazwa na watu wawili.

Orodha ya waliouza ipo. Mwezi Desemba 2002 Iraki ilikabidhi Umoja wa Mataifa tamko la takriban kurasa 12,000 kuhusu silaha zake, likiwa na majina ya kampuni za nje. Wajumbe watano wa kudumu wa Baraza la Usalama walipata nakala kamili. Wajumbe kumi wa kuchaguliwa walipewa nakala iliyopunguzwa sana, majina ya wauzaji yakiwa yameondolewa. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuzuia elimu ya kutengeneza silaha isisambae. Sababu hiyo tunaikubali kwa michoro na vipimo. Jina la kampuni na tarehe ya ankara havimfundishi mtu kutengeneza sumu. Kati ya wajumbe kumi hao Afrika ilikuwa na watatu: Cameroon, Guinea na Mauritius. Wenzenu, Waheshimiwa, walipewa gazeti lililokatwa kurasa.

Nani alijua, na lini? Ujumbe wa wataalamu wa Umoja wa Mataifa ulithibitisha matumizi ya haradali mwezi Machi 1984. Azimio la Baraza la Usalama namba 612, lililolaani matumizi ya silaha hizo, lilipita tarehe 9 Mei 1988, baada ya Sardasht, baada ya Halabja, na hata hapo halikumtaja aliyezitumia. Miaka minne ile haiwezi kuitwa miaka ya kutojua.

Ethiopia ndiyo kesi yetu. Italia ilikuwa imejifunga kwa Itifaki ya Geneva ya mwaka 1925 iliyokataza kutumia gesi vitani. Kuanzia Desemba 1935 ndege zake zilidondosha mabomu ya haradali, kisha zikainyunyiza kama mvua juu ya askari, mifugo, mito na malisho. Tarehe 30 Juni 1936 Mfalme Haile Selassie alisimama mbele ya Shirikisho la Mataifa mjini Geneva akaeleza jinsi mvua hiyo ilivyokuwa ikinyunyizwa. Baada ya vita Pietro Badoglio, aliyeongoza majeshi hayo, aliwekwa kwenye orodha ya watuhumiwa wa uhalifu wa kivita. Hakufikishwa mahakamani. Wizara ya Ulinzi ya Italia ilikiri rasmi mwaka 1996, miaka 60 baadaye. Daftari la waathirika halikufunguliwa na mtu yeyote. Ndiyo maana hatuwezi kuwaandikia leo kwamba wakulima wangapi wa Tembien, kaskazini mwa Ethiopia, walipofuka mwaka 1955 kwa haradali ya mwaka 1936, na tunavyoijua sumu hii, hapana shaka wapo waliopofuka. Wa Sardasht na Halabja bado wako hai, wengi wao wamevuka miaka 50. Wakiachwa miaka 20 mingine, watakuwa kama wa Tembien.

Syria mnaijua kuliko sisi, kwa kuwa mliikalia vikao vingi na mwaka 2021 Mkutano wa Nchi Wanachama uliisimamishia haki zake. Tunataja jambo moja tu: waliookoka sarini, sumu ya mishipa ya fahamu, huko Ghouta karibu na Damascus Agosti 2013 wametawanyika ukimbizini, na mgonjwa aliyevuka mpaka huliacha faili lake nyuma.

Tunachoomba mkipeleke kwenye kikao kijacho cha Mkutano wa Nchi Wanachama ni hiki. Kwanza, uamuzi unaozitaka nchi wanachama zimtambue mwathirika kwa mahali na tarehe: aliyekuwa Sardasht siku ile, au Halabja siku ile, akiwa na ugonjwa ulio kwenye orodha inayokubalika ya mapafu, macho na ngozi, achukuliwe kuwa aliguswa, na anayepinga ndiye alete ushahidi. Kwa mapafu, CT ya hewa iliyotolewa ikubaliwe kuwa kipimo, na eksirei safi isitumike kumkataa mtu. Mkifanikiwa kwa hili peke yake, yaliyobaki tunaweza kuyasubiri.

Pili, mfuko wa waathirika uachane na semina. Ununue vitu vinavyohesabika: vichupa vya machozi visivyo na kihifadhi, mashine za oksijeni pamoja na mitungi yake, mafunzo ya upandikizaji wa seli za jicho. Ibara ya 10 ya Mkataba inazungumzia msaada pale silaha zinapotumika au kutishia kutumika, na haikumfikiria mtu anayepofuka miaka 25 baadaye. Na mtoe sauti kuhusu benki. Kwenye karatasi dawa haziguswi na vikwazo dhidi ya Iran. Kwenye kaunta ya benki malipo yanakataliwa, kwa sababu hakuna ofisa anayetaka kuhatarisha leseni kwa ajili ya shehena ya vipulizio. Njia moja ya malipo iliyoandikwa na kuhakikishwa na nchi zilizoweka vikwazo ingetosha.

Tatu, majina. Nchi ambazo kampuni zake zilitajwa mwaka 2002 ziombwe, moja moja na kwa jina, kutoa ankara na vibali vya kusafirisha vya miaka ile ya 80, michoro ikifichwa na majina yakibaki.

Na kwa mawaziri wetu wa afya, jambo dogo la nyumbani. Malori ya kemikali za viwandani hupita kila siku kutoka bandari za Dar es Salaam na Mombasa kwenda bara, klorini ikiwamo, na klorini hiyohiyo inayosafisha maji ilikuwa silaha huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Tanzania ina sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003, chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Hospitali zilizo kwenye njia hizo ziwe na fomu ya kurasa mbili: jina, mtaa, saa ya kuguswa, dalili, sampuli ya damu iliyochukuliwa siku hiyohiyo na mahali ilipohifadhiwa. Nakala moja apewe mgonjwa mwenyewe mkononi. Sababu ya nakala hiyo mmeshaisoma hapo juu.

Tarehe 30 Novemba mtasimama kimya kwa ajili ya waliokufa. Kabla hamjakaa, tunaomba mmoja wenu aombe nafasi awaulize wajumbe watano waliopokea kurasa 12,000: mmezihifadhi wapi, na lini tutasoma zile mlizotukatia?

Kwa heshima,

Sisi watu wa tiba ya mapafu, tiba ya macho na sheria, tulioiandika barua hii kwa pamoja